Ufundi wa Kutogusa

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Akiwekwa kwenye ECMO, mashine inayoshika kazi ya mapafu na mara nyingine kazi ya moyo pia, damu hiyo huvutwa nje kwa mpira mnene, hupitishwa kwenye pafu la plastiki ili ipate oksijeni na kutoa hewa ukaa, kisha husukumwa tena mwilini kwa kasi ya lita 4 au 5 kwa dakika. Yaani damu yote ya mgonjwa hutoka nje ya ngozi yake na kurudi kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Na haipumziki: usiku na mchana, wiki nzima, wiki mbili, kwa wengine mwezi na zaidi.

Wageni wa chumba cha wagonjwa mahututi huishangaa mashine, na ni haki yao. Mimi huvutiwa zaidi na watu wanaosimama kando yake, hasa kwa kazi yao moja ambayo haipigwi picha: kuhakikisha kwamba mtu huyu, aliyetobolewa matundu makubwa kwenye mishipa yake na kulazwa kati ya wagonjwa wengine mahututi, hapati ndani ya hospitali maradhi ambayo hakuja nayo. Ni kazi ngumu kuisifu, kwa sababu ikifanyika vizuri hakuna kinachoonekana. Hakuna usaha, hakuna homa, hakuna habari. Daktari wa upasuaji ana mshono wa kuonyesha. Muuguzi aliyezuia maambukizi ana fomu yenye vyema vilivyotiwa kwa kalamu, basi.

Mashine yenyewe ilizaliwa katika chumba cha upasuaji. Mei 6, 1953, mjini Philadelphia, John Gibbon alifunga tundu ndani ya moyo wa msichana wa miaka 18 huku mtambo aliouhangaikia kwa miaka mingi ukishika nafasi ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Mwaka 1971, huko California, J. Donald Hill na wenzake walimweka kijana wa miaka 24 aliyeumia vibaya ajalini kwenye mtambo wa ukoo huo kwa saa 75, naye akapona. Mwaka 1975 Robert Bartlett akaokoa kichanga aliyekuwa ameachwa na mama yake, ambaye wauguzi walimpa jina Esperanza, yaani Tumaini kwa Kihispania. Kadiri plastiki zilivyoboreshwa, saa zikawa siku na siku zikawa wiki. Adui naye akabadilika. Dakika 26 hazimtoshi bakteria kufanya lolote la maana juu ya mpira. Wiki tatu zinamtosha na kumbakia.

Anachofanya ni hiki. Kitu chochote cha plastiki kikikaa ndani ya damu hupakwa protini baada ya muda mfupi, na juu ya protini hizo vimelea hushika, huzaana na kujifunika ukoga mzito. Ndani ya ukoga huo dawa hupenya kwa shida na seli za kinga hazifiki vizuri. Sasa hesabu plastiki alizonazo mgonjwa wa ECMO: kanula mbili, yaani mipira minene inayoingia kwenye mishipa, mita kadhaa za mipira, na pafu la bandia lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, ambazo kwa mtu mzima zikikunjuliwa zote huwa na eneo linalokaribia mita 2 za mraba. Ongeza mpira wa kupumulia kooni, mpira wa mkojo, mpira wa kulishia puani, katheta ya shingoni ya dawa, na sindano ya kwenye mkono ya kupimia shinikizo la damu. Mwili wenye afya una milango michache nao huilinda. Mwili huu una milango ambayo sisi wenyewe tumeifungua, na ufundi wote uko katika kuihudumia bila kuwapitisha wasioalikwa.

Mlango mkubwa kuliko yote ni kinena. Kanula ya kutolea damu kwa mtu mzima ina unene wa milimita 8 hivi, sawa na kalamu ya kawaida, nayo mara nyingi huingizwa kwenye vena ya paja kupitia kinena. Hapo pana joto, pana jasho, na si mbali na mkojo na choo. Ungeulizwa uchague mahali pabaya pa kutoboa ngozi ya binadamu, ungepachagua hapo.

Wataalamu wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2006 Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya mradi uliofanyika katika vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100 katika jimbo la Michigan, Marekani. Waliwapa madaktari mambo matano ya kufuata kila wanapoweka katheta kwenye mshipa mkubwa: nawa mikono, vaa mavazi kamili ya kinga na umfunike mgonjwa shuka kubwa lililotakaswa, safisha ngozi kwa klorheksidini, epuka kinena, ondoa katheta isiyohitajika. Muuguzi alipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Ndani ya miezi mitatu kiwango cha kati cha maambukizi ya damu kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta hadi sifuri. Hapakuwa na dawa mpya wala mtambo mpya. Palikuwa na karatasi, na ruhusa ya nesi kusema subiri.

Mgonjwa wa ECMO hawezi kufaidi mambo yote matano. La nne, kuepuka kinena, limeshamponyoka, maana mshipa unaoweza kumeza kanula nene kiasi hicho haupatikani kila mahali. La tano, kuondoa katheta, haliwezekani, kwa kuwa katheta hiyo ndiyo uhai wake. Yamebaki matatu, na juu ya hayo matatu ndipo mafundi hawa wamejenga kazi yao.

Tazama wanavyobadilisha bandeji ya kinena. Kazi hii haifanywi na mtu peke yake. Mmoja anashika kanula kwa mkono wenye glavu, na kazi yake ni hiyo tu: asiachie. Kanula ikichomoka, pampu inayosukuma lita 4 kwa dakika inaweza kummaliza mtu kabla hujamaliza kuita msaada. Wa pili ndiye anayesafisha. Wa tatu amesimama kwenye pampu, jicho kwenye namba ya mtiririko, kwa sababu paja likikunjwa kidogo tu namba hiyo hushuka. Kabla ya yote wamekubaliana nani atasema nini, na vibano viwili vikubwa vya kubana mipira viko mahali ambapo kila mmoja anaviona.

Bandeji ya zamani hubanduliwa taratibu kuelekea kwenye tundu. Ukiibandua kwa kuvuta kwenda nje unaivuta kanula pamoja nayo. Kisha mwenye kusafisha haanzi kusafisha, anatazama. Je, wekundu wa jana umepanuka? Kuna majimaji, ya rangi gani? Nyuzi za mshono zimeshika au zinakata ngozi? Anasoma alama ya sentimita kwenye kanula na kuilinganisha na iliyoandikwa zamu iliyopita. Anavua glavu, anatakasa mikono, anavaa glavu nyingine zilizotakaswa. Hatua hii ya kuvua na kuvaa upya ndiyo wenye haraka huiruka, kwa hoja kwamba glavu za kwanza bado zinaonekana safi.

Halafu klorheksidini ya asilimia 2 katika alkoholi ya asilimia 70, kwa kusugua. Klorheksidini haipakwi tu juu juu. Vijidudu vya ngozi hukaa kwenye mikunjo na kwenye vishimo vya vinyweleo, na bila msuguano dawa huwapita juu. Baada ya hapo inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote, ambayo ni kusimama bila kufanya kitu. Dawa lazima ikauke yenyewe. Kwenye mkono mkavu nusu dakika inatosha. Kwenye kinena chenye unyevu ni zaidi ya hapo. Haipepewi, haipulizwi, haifutwi kwa chachi. Watu watatu wamesimama juu ya mgonjwa, mikono imeinuliwa, simu ya wodi inalia, na hakuna anayesogea. Ukiwahi kubandika bandeji juu ya dawa mbichi unapata hasara mbili: dawa haijamaliza kazi, na ngozi huungua chini ya plastiki. Ukitaka kumpima muuguzi wa kazi hii, mwangalie katika dakika hiyo.

Mwisho hubandikwa bandeji angavu ili tundu lionekane bila kufunguliwa, na mpira hufungwa kwenye paja na chini yake sehemu zaidi ya moja ili usicheze. Kanula inayoingia na kutoka hata kwa milimita mbili kila mgonjwa anapogeuzwa hubeba vijidudu vya juu ya ngozi na kuvipeleka ndani. Tarehe na saa huandikwa pembeni.

Ikiwa bandeji hiyo ni safi, kavu na imeshika kingo zote, haiguswi. Ya plastiki angavu inaweza kukaa hadi siku 7. Anayeanza kazi huona vibaya kuiacha, maana kuibadilisha kila siku kunaonekana kama bidii, na mkuu wa wodi akipita anamkuta mtu anafanya kazi. Lakini kila ufunguaji ni nafasi kwa vijidudu. Ndugu wa mgonjwa humkuta muuguzi ameketi kwenye kiti chake akiitazama bandeji tu, wakadhani amezembea. Huenda ameshafanya uamuzi bora wa zamu yake.

Kutogusa huko ndiyo kanuni ya mtambo mzima. Kila kiungio cha pembeni kwenye mipira, kila kifereji cha kuchomekea bomba la sindano, ni mahali ambapo mkono wa mtu utakuja kufungua. Mafundi wazuri huunda mtambo wenye viungio vichache iwezekanavyo, na dawa za mgonjwa hupitishwa kwenye katheta yake, si kwenye mtambo. Kuna sababu nyingine inayowafanya wauogope: upande unaovuta damu kutoka mwilini una presha iliyo chini ya sifuri, hivyo kifereji kikifunguliwa vibaya upande huo hakimwagi damu, kinafyonza hewa. Kwa hiyo ukaguzi wa kila zamu hufanywa kwa macho na tochi. Muuguzi au mtaalamu wa mashine humulika pafu la plastiki kona kwa kona akitafuta madoa meusi ya damu iliyoganda na nyuzinyuzi nyeupe kwenye maungio. Bonge la damu lililoganda lina hatari zake lenyewe, na pia ni maficho mazuri ya vimelea.

Mikono nayo ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) limetaja nyakati tano za kutakasa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mtu mmoja akisogeza kitanda, akarekebisha pampu ya dawa, akafuta jasho la mgonjwa na kuchukua damu ya kipimo, ameshapita nyakati kadhaa kabla chai yake haijapoa. Kinachonifurahisha ni kwamba silaha hii haina ufahari. Kanuni ya WHO ya kutengeneza kitakasa mikono, ambayo duka la dawa la hospitali yoyote linaweza kuifuata, ni ethanoli asilimia 80, glisirini kidogo ili mikono isichubuke, haidrojeni peroksaidi kidogo sana ya kuua mbegu za vijidudu ndani ya chupa, na maji. Mtambo wa mamilioni unalindwa na kitu kinachochanganywa kwenye ndoo.

Pamoja na yote hayo, baadhi ya wagonjwa huambukizwa, na hapo kazi hugeuka kuwa ya upelelezi. Damu ikipita nje ya mwili hupoa, kwa hiyo pafu la plastiki huunganishwa na kifaa cha kupasha joto: maji ya uvuguvugu hupita upande mmoja wa kuta nyembamba, damu upande wa pili. Muuguzi anaweka nyuzi 37 na mwili unabaki nyuzi 37, hata kama ndani kuna maambukizi yanayowaka. Homa, dalili ambayo bibi zetu waliipima kwa kiganja kwenye paji la uso, inafutwa na mashine. Dalili nyingine nazo zimechafuliwa. Seli nyeupe za damu zinaweza kupanda kwa sababu tu damu imegusana na plastiki. Chembe sahani hushuka kwa sababu hiyo hiyo. Picha ya kifua ilikuwa imejaa weupe tangu siku ya kwanza, ndiyo maana mgonjwa yuko hapo.

Basi wanajifunza kusoma vitu vingine. Kifaa cha kupasha damu kikionekana kinalazimika kupoza maji ili mgonjwa abaki kwenye nyuzi 37, mwili unatoa joto la ziada kutoka mahali fulani. Mpira wa kuvuta damu ukianza kutetemeka na kugonga kitanda, mishipa huenda imelegea na damu haitoshi kuujaza. Kunaweza kuwa na sababu nyingi, na sumu ya vimelea ni mojawapo. Dawa ya kupandisha presha iliyokuwa inapunguzwa tangu jana leo inataka kuongezwa. Mkojo umepungua. Chakula cha mpira wa puani kilichokuwa kinashuka sasa kinabaki tumboni. Makohozi yamebadilika rangi na uzito. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha maambukizi peke yake, ila muuguzi aliyekaa na mgonjwa yule yule kwa zamu kadhaa huviweka pamoja na kusema, "Leo hayuko sawa," mara nyingi kabla maabara haijatamka.

Hata kuchukua damu ya kuotesha vimelea maabara kuna adabu yake. Huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, kutoka sehemu zaidi ya moja, baada ya ngozi kusafishwa kama nilivyoeleza, na kizibo cha chupa kupanguswa. Sababu ni kwamba bakteria wanaopatikana sana kwa wagonjwa hawa ni pamoja na stafilokoki wa ngozini, wale wale wanaoweza kuingia kwenye chupa kutoka kidoleni mwa mchukuaji. Wakiota kwenye chupa moja kati ya nne, unabaki njia panda: ni damu ya mgonjwa au ni mkono wa mtu? Wengine katika orodha, kama Pseudomonas, Klebsiella na fangasi wa Candida, hawaleti mjadala wa namna hiyo. Candida hasa akionekana kwenye damu hapuuzwi hata mara moja.

Wangapi huambukizwa? Mwaka 2011 Matthew Bizzarro na wenzake walichapisha uchambuzi wa rejista ya ELSO, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mitambo hii iliyoanzishwa mwaka 1989. Katika visa zaidi ya 20,000 vya watoto na wakubwa, asilimia 11.7 walipata maambukizi wakiwa kwenye mashine; kwa watu wazima peke yao ilikuwa asilimia 20.9. Mwaka uliofuata Matthieu Schmidt na wenzake wa hospitali ya Pitié-Salpêtrière, Paris, walitoa hesabu ya wagonjwa wao 220 wazima ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa na waliokaa kwenye ECMO zaidi ya saa 48. Kati yao 142, sawa na asilimia 64, walipata maambukizi angalau mara moja, na nimonia ya mashine ya kupumulia ndiyo iliyoongoza.

Asilimia 21 na asilimia 64 ziko mbali mno. Msomaji wa haraka atasema Paris ni wachafu. Mimi nasoma tofauti. Rejista hukusanya kile ambacho vituo mbalimbali vimejaza kwenye fomu. Paris walihesabu wenyewe, kitanda kwa kitanda, wakatafuta kila nimonia, kila kanula iliyoambukizwa, kila kidonda cha kifua. Wagonjwa wao pia walikuwa wa aina iliyo na hatari zaidi. Kama ningelazimika kuchagua pa kulazwa, ningechagua wodi inayojua idadi ya maambukizi yake na kuichapisha ikiwa mbaya. Wodi inayosema haina maambukizi huwa naishuku kwamba haijatafuta.

Takwimu za rejista zinaonyesha pia kwamba waliokaa siku 7 au pungufu waliambukizwa kidogo kuliko waliozidi siku 14: asilimia 6.1 dhidi ya 30.3. Usiharakishe kusema muda ndio unaoambukiza. Anayeambukizwa naye huchelewa kutoka, kwa hiyo mambo hayo mawili yanavutana, na hesabu peke yake haitenganishi.

Kwa hatari ya kiasi hicho, mtu angedhani jawabu ni kummiminia mgonjwa antibayotiki tangu siku ya kwanza. Wengine hufanya hivyo. Lakini msimamo wa wataalamu wa ELSO ni kwamba kuwa kwenye ECMO peke yake si sababu ya kumpa mtu antibayotiki za kinga siku hadi siku, na mimi naona hapa ndipo kujizuia kunapokuwa kugumu kuliko kote. Ukimpa dawa, unajisikia umefanya kitu. Unachokuwa umefanya ni kuua vijidudu dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu na fangasi, ambao ndio watakuja kumkuta mgonjwa huyu wiki ya tatu ukiwa umeishiwa dawa. Halafu hata pale dawa inapohitajika kweli, plastiki inaingilia. Dawa zinazopenda mafuta, kama vorikonazoli ya fangasi na baadhi ya dawa za usingizi, hunata kwenye kuta za mipira na pafu, kwa hiyo dozi uliyoandika si lazima iwe dozi iliyofika. Daktari mwangalifu hupima kiwango cha dawa kwenye damu, hurekebisha, hupima tena. Na vimelea vikishajulikana, huondoa dawa pana na kuweka ile nyembamba inayotosha.

Maji ya kupashia damu yana kisa chake. Hayakutani na damu, ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyeyafikiria sana. Kisha madaktari wa Zurich, Uswisi, wakakuta wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo wanaugua kutokana na Mycobacterium chimaera, ndugu wa mbali wa kimelea cha kifua kikuu, anayekua polepole kiasi kwamba ugonjwa ulijitokeza miezi au hata miaka baada ya mshono kupona. Walifuata nyayo hadi kwenye matangi ya maji ya vifaa vya kupasha na kupoza damu vilivyokuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Vimelea viliota ndani ya matangi, feni ya kifaa ikavirusha hewani, vikatua kwenye kifua kilicho wazi. Watafiti walitumia moshi kuonyesha jinsi hewa ya feni ilivyopenya hadi kwenye meza ya upasuaji licha ya mfumo wa hewa safi. Tangu hapo maji ya mashine hizi yana ratiba ya kubadilishwa, dawa ya kuyatibu, na daftari lake.

Mapafu nayo hudai kazi ya kila saa. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Kinywa husafishwa, makohozi yanayokusanyika juu ya puto la mpira wa kupumulia huvutwa kabla hayajateleza kwenda chini, na presha ya puto hupimwa. Lakini mbinu iliyonishangaza kuliko zote ni ya ujasiri wa aina nyingine: kwa mgonjwa anayefaa, timu huutoa mpira wa kupumulia kabisa akiwa bado kwenye ECMO. Mashine inamhakikishia oksijeni, kwa hiyo anaamka, anakohoa mwenyewe, anakula kwa kijiko, na katika vituo vyenye uzoefu husimama na kutembea hatua chache, wauguzi na wataalamu wakiwa wamemzunguka na mmoja akisukuma pampu nyuma yake. Mpira uliotoka kooni hauwezi tena kupeleka vijidudu mapafuni.

Siku ya kutoa kanula haimalizi kazi. Kifaa cha kupasha na kupoza kikishaondoka, joto la mwili linarudi mikononi mwa mwili wenyewe, na wagonjwa wengi hupata homa katika siku mbili za mwanzo. Je, ni maambukizi yaliyokuwa yamefichwa, au ni mwili tu unalalamika? Timu huotesha damu, huchunguza tundu la kinena, hutazama makohozi, na kwa asiye na dalili ya hatari husubiri majibu badala ya kukimbilia dawa.

Kwetu Afrika Mashariki wengi wetu hatutalala kwenye ECMO. Mashine ya moyo na mapafu tunaijua zaidi kwa upasuaji wa moyo, kama unaofanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako mgonjwa huitegemea kwa saa chache za upasuaji. Lakini dripu na mpira wa mkojo viko katika kila hospitali ya wilaya, na vijidudu havibagui mashine ghali na dripu ya kawaida. Kwa hiyo ukienda kumjulia hali mgonjwa, takasa mikono unapoingia na unapotoka. Usikae kitandani kwake. Usiunyooshe mpira wowote hata ukiuona umejikunja, mwite anayehusika. Na ukimkuta mgonjwa wako ana sindano ya dripu mkononi ambayo tangu jana haipitishi kitu, au ana mpira wa mkojo ilhali anaweza kutembea mwenyewe hadi chooni, uliza kwa adabu: "Sista, hiki bado kinahitajika?" Ni swali la kitaalamu, lile lile la tano kwenye orodha ya Michigan, na muuguzi anayeijua kazi yake hatakasirika ukimuuliza.